Mgeni akisema Ulaya imetekwa na Waislamu: namna ya kumjibu ukiwa umeshika usukani

Watoto wa Ngarenaro, hapa Arusha, wakiniona nashuka kwenye Kruza huniita "gaidi". Ndivyo neno la Kiingereza la mwongoza watalii linavyotua kwenye sikio la Mswahili, na hakuna wa kuwalaumu. Sasa ongeza kwamba jina langu ni Ramadhani, ndevu zangu zimeingia mvi, na kwenye dashibodi kuna tasbihi ya marehemu baba. Utani huo nimeukuta kwenye kazi na nitauacha kwenye kazi.

Naandika kwa ajili ya madogo wanaoanza kuendesha, hasa wale wenye majina kama langu, kwa sababu ipo siku mgeni atakuuliza jambo ambalo chuo cha utalii hawakukufundisha. Mimi lilinijia Naabi, kilima penye lango la Serengeti. Nilikuwa na mume na mke, wastaafu wa Dresden, watu wapole wanaosema asante hata ukiwafungulia mlango wa gari. Adhuhuri nikatandika mkeka nyuma ya gari, nikaswali. Waliporudi kutoka juu kilimani walinikuta nimesujudu. Kutoka hapo hadi Seronera hakuna aliyesema neno, hata chui alipoonekana. Jioni mzee akanisogelea na kuniuliza kwa adabu kabisa: je, ni kweli kwamba sisi tuna mpango wa kuijaza Ulaya watu wetu mpaka iwe yetu?

Sisi! Nina watoto watatu, ada ya mmoja bado nadaiwa, na pasipoti yangu ina mihuri ya mpaka wa Kenya pale Namanga tu.

Usijibu siku hiyohiyo

Hili nililipia. Miaka ya nyuma, Agosti, gari likiwa limejaa, mgeni mmoja aliniambia kabla hatujafika Makuyuni kwamba dini yangu ni ugonjwa. Nikapaki kando, nikashuka, nikaenda dirishani kwake nikamjibu. Nilimjibu vizuri, tena kwa Kiingereza kilichonyooka ambacho sijawahi kukipata tena maishani. Malalamiko yalifika ofisini kabla yangu. Kampuni, siitaji, ikanipumzisha "kidogo". Kidogo hicho kikala msimu mzima na pikipiki yangu ikauzwa.

Kwa hiyo siku hizi nasema: "Mzee, hilo ni swali kubwa. Nipe hadi jioni, tukae kwenye moto." Halafu namwonyesha twiga. Unajipa muda wa kupoa, na yeye unampa muda wa kujiuliza kwa nini hukukasirika. Mna siku tano ndani ya gari moja, mnakula vumbi moja. Na jambo la kukumbuka: wengi wanaouliza wana hofu waliyolishwa, hawajaja kukutukana. Mwenye nia ya kutukana utamjua, huwa haulizi.

Uliza mtaa

Hii ndiyo silaha yangu na inatosha karibu kila mara. Hadithi hizi hazina anwani. Zina "Ulaya", zina "wao", zina "kila mahali". Wewe uliza mji, kisha mtaa, kisha uliza kama aliyemwambia alishawahi kukaa hapo. Uliza kama mtu anayetaka kujua, siyo kama askari wa barabarani.

Mfano ninaoupenda ni wa Januari 2015. Mtu aliyeitwa mtaalamu wa ugaidi alisema kwenye televisheni ya Fox News ya Marekani kwamba Birmingham, Uingereza, ni mji wa Waislamu watupu, na asiye Mwislamu haingii. Birmingham ina watu zaidi ya milioni moja. Sensa ya 2011 ilikuwa imeonyesha Waislamu wa hapo ni kama mmoja kati ya watano, na Wakristo walikuwa zaidi yao mara mbili. David Cameron, waziri mkuu wa wakati huo, alisema aliposikia habari hiyo alipaliwa na uji. Yule mtaalamu akaomba radhi, na televisheni nayo ikaomba radhi hewani. Lakini miaka imepita, na bado napata wageni wanaoniambia kuhusu "maeneo ambayo polisi hawaingii". Radhi haisafiri kwa kasi ya uzushi.

Niliwahi kumbeba nesi wa Birmingham, dada wa hijabu, wazazi wake asili yao Pakistani. Nikamuuliza kuhusu mji wake usioingilika. Alicheka hadi kofia ya jua ikadondoka nje. Akasema kitu kigumu kuingia Birmingham ni kituo kikuu cha treni siku ya mechi.

Video ya wanaume wanaoswali barabarani Paris nayo utaonyeshwa. Hii ina mtaa, na ndiyo maana inafaa: rue Myrha, wilaya ya 18. Msikiti ulikuwa mdogo, watu wengi, Ijumaa wakamwagikia nje. Desemba 2010 Marine Le Pen, mwanasiasa wa Ufaransa anayepinga uhamiaji, alifananisha jambo hilo na kukaliwa kwa nchi na wavamizi, neno ambalo kwa Mfaransa linamrudisha moja kwa moja kwa Wajerumani wa vita vya pili. Septemba 2011 serikali ikapiga marufuku kuswali barabarani, waumini wakahamishiwa kwenye jengo lililokuwa kambi ya zimamoto. Kwa mtu wa Arusha habari hiyo ni ya foleni tu. Sisi Idi tunamwagika nje, wenzetu wakiwa na mkutano wa Injili spika zinafunga nusu ya barabara, na daladala zinatafuta pa kupita.

Akitaja mahakama za sharia Uingereza, mwambie kwa ufupi: yale ni mabaraza ya kidini, hayawezi kuvunja ndoa ya kiserikali wala kumfunga mtu. Kisha mwambie habari za kwetu. Zanzibar kuna Mahakama za Kadhi. Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanandoa wanaogombana wapite kwanza kwenye bodi ya usuluhishi kabla ya kwenda mahakamani kudai talaka, na bodi hizo zipo za kata, za makanisa na za BAKWATA, baraza kuu la Waislamu. Wageni hushangaa. Wengine huandika kabisa kwenye daftari.

Mchezo wa asilimia

Huu nauchezesha kwenye bwawa la viboko, maana pale hakuna haraka. Kila mtu anaandika kwenye karatasi: kati ya watu 100 wa nchi yako, Waislamu ni wangapi? Anayekaribia zaidi anachagua wa kwanza kwenye lanchi boksi. (Kila mtu hukimbilia paja la kuku. Keki haigombewi.)

Taasisi ya Ipsos ilifanya jambo la aina hiyo kwa maelfu ya watu. Mwaka 2016 Wafaransa kwa wastani walikisia kwamba Waislamu ni 31 katika kila watu 100 wa nchi yao. Hesabu halisi ilikuwa kama 7.5. Kwenye gari langu matokeo ni yaleyale, na mara nyingi gari zima hucheka, maana kila mmoja kakosea. Kwa Ulaya kwa jumla, kituo cha Pew cha Marekani kilikadiria asilimia 4.9 kwa mwaka 2016.

Yule mzee wa Dresden aliandika 25. Ujerumani, makadirio ya serikali yao ya 2021 ni kati ya asilimia 6.4 na 6.7. Na jimbo lake, Saxony, ni chini sana ya hapo. Mke wake akaanza kuhesabu kwa vidole Waislamu anaowafahamu mtaani kwao. Akafika kwa daktari wa meno, akakwama. Mzee hakusema kitu, alichukua darubini akawa anaangalia viboko ambao walikuwa mita ishirini kutoka tulipo.

Hapo kuna jambo la ajabu la kujua. Vuguvugu la PEGIDA, lile la kuandamana kila Jumatatu dhidi ya "kusilimishwa kwa nchi za Magharibi", lilizaliwa Dresden hiyohiyo, Oktoba 2014, na Januari 2015 polisi walihesabu waandamanaji kama 25,000 kwa siku moja. Uswisi, Novemba 29, 2009, wananchi walipiga kura kukataza minara ya misikiti, asilimia 57.5 wakasema ikatazwe. Nchi nzima ilikuwa na minara minne. Minne! Ngarenaro na Bondeni peke yake utaizidi ukiwa unatembea kwenda kununua mkate.

Ila tahadhari. Usiseme "Waislamu hawaongezeki". Wanaongezeka. Uingereza na Wales, sensa ya 2011 ilikuwa asilimia 4.9, ya 2021 ikawa 6.5. Pew wanasema ifikapo 2050 Ulaya inaweza kuwa na asilimia 7.4 kama uhamiaji ungesimama kabisa, au 14 kama ungeendelea kwa kasi ya juu kabisa. Mwambie zote mbili. Ukimficha moja, ataikuta mwenyewe usiku kwenye intaneti ya lodji, na asubuhi utakuwa umekwisha.

Ujue ilikotoka, lakini usiimwage mezani

Hii ni kwa ajili yako zaidi kuliko kwa mgeni. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, nchi za Ulaya na za Kiarabu zilianzisha mazungumzo ya pamoja, vikao vya maofisa, makaratasi na chai. Mwandishi anayetumia jina la Bat Ye'or, mzaliwa wa Misri katika familia ya Kiyahudi, akaja kudai kwamba vikao vile vilikuwa mkataba wa siri wa kuikabidhi Ulaya kwa Waarabu. Jina la hadithi hiyo ni Eurabia. Mwaka 2011 Mfaransa Renaud Camus akaja na "badiliko kuu": kwamba wenye madaraka wanawabadilisha wazungu kwa makusudi, wanatoa mmoja wanaingiza mwingine. Angalia ufundi wake. Mhamiaji kwenye hadithi hii ni kama mzigo tu. Msaliti mkubwa ni kiongozi wa kwao wenyewe.

Ndiyo maana Julai 22, 2011, Breivik wa Norway alipoamua kuua kwa ajili ya imani hiyo, hakwenda msikitini. Alilipua jengo la serikali Oslo, kisha akaenda kisiwa cha Utøya kuwapiga risasi vijana wa chama cha Labour waliokuwa kambini. Watu 77. Aliacha waraka wa zaidi ya kurasa 1,500, sehemu kubwa yake ikiwa maandishi ya watu wengine aliyoyanakili. Na Machi 15, 2019, Ijumaa, Christchurch, New Zealand, mwingine aliingia misikiti miwili akaua watu 51. Waraka wake aliupa jina lilelile la Camus. Mzee aliyekuwa mlangoni alimkaribisha kwa kumwita ndugu. Mimi habari hiyo niliisikia nikiwa nasubiri wageni uwanja wa ndege wa KIA, nikashindwa kunyanyua kibao chenye majina yao.

Sasa, hayo yote usimwambie mtu aliyekuuliza swali kwa hofu. Ukitaja muuaji mbele yake, unamwambia yeye ni muuaji, na kuanzia hapo hasikii tena. Mwalimu mmoja wa Norway alinisimulia habari za Utøya mwenyewe, kwenye moto, bila mimi kuuliza. Hapo sikiliza. Kazi yako ni kuongeza kuni.

Vilevile usimchanganye mpiga kura na muuaji. Uholanzi, Novemba 2023, chama cha Geert Wilders kiliongoza kwa viti 37 kati ya 150, na huyo ni mtu ambaye ametaka Kurani ipigwe marufuku. Mimi wageni wangu wengi ni Waholanzi. Kwa hesabu nyepesi nimewahi kuwabeba waliompigia kura. Wengine ukiwachokonoa, kero yao ni nyumba za kupanga zimekuwa ghali na hospitali ina foleni. Mwislamu kapachikwa juu kama bango. Sisemi ni wote. Wapo wanaomchagua kwa hilo hasa, nao watakwambia bila kupepesa.

Wamarekani wana yao. Mzee wa Texas aliniuliza kama najua Obama alizaliwa Kenya na ni Mwislamu wa siri. Nikamwambia Namanga ni kilomita mia na kidogo kutoka hapa, kama angezaliwa huko tungeshauza fulana. Alizaliwa Honolulu, Agosti 4, 1961, na cheti kirefu kilitolewa hadharani Aprili 2011. Trump, ambaye aliivumisha sana hadithi hiyo, Desemba 2015 akataka Waislamu wazuiwe kuingia Marekani, na mwaka 2017 akaanza na nchi saba. Januari 2020 orodha ikaongezwa, na Tanzania ikawemo: tulifungiwa bahati nasibu ya viza hadi Biden alipoifuta Januari 2021. Mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri na mwadhini walifungiwa sawasawa.

Usikane yaliyotokea

Mgeni akitaja Paris ya Novemba 2015, watu 130, usimjibu "hao siyo Waislamu" halafu ukanyamaza. Kwake inasikika kama unakwepa. Waliua wakidai dini yangu, na mimi nasema hivyo kwa mdomo wangu. Akitaja ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, mwambie waliokufa pale ni Watanzania. Na mimi huwa naongeza la hapahapa nyumbani: Mei 5, 2013, bomu lilirushwa Olasiti, Arusha, kwenye uzinduzi wa kanisa Katoliki, balozi wa Papa akiwepo. Watu walikufa. Wiki ile nilipanda daladala nimevaa kofia, na kiti cha pembeni yangu kilibaki wazi hadi Kilombero, wakati watu wamesimama. Nilivua kofia nikaiweka mfukoni. Hadi leo sipendi kukumbuka kwamba niliivua.

Habari hiyo ikishatoka kinywani mwako, mgeni anajua huuzi sera. Halafu atauliza sasa Tanzania Waislamu ni wangapi, na jibu lake ni zuri: sensa haijauliza dini tangu 1967. Kila mtu ana makisio yake, na kila mtu makisio yake yanampendelea. Mweleze hivyo hivyo, atacheka.

Pale pa kunyamaza

Kuna neno moja likitamkwa, funga mjadala: taqiyya. Asili yake ni ruhusa ya mtu anayetishiwa uhai kuficha imani yake, na inajulikana zaidi kwa Mashia. Kwenye hadithi za njama imegeuzwa kuwa: Mwislamu ameruhusiwa kudanganya siku zote. Ukimwambia hakuna mpango, unadanganya. Ukiwa mkarimu, ndiyo mbinu yenyewe. Ukisaidia kubadilisha tairi kwenye matope ya Ndutu saa moja usiku, basi umefundishwa vizuri sana. Hapo hakuna namba wala mtaa utakaosaidia. Sema "sawa, mzee," washa gari, katafute simba. Fanya kazi yako kwa ubora uleule, na usipunguze chumvi kwenye maelezo ya ndege. Tipu ikija, ije. Isipokuja, hukuwa umeiweka kwenye bajeti.

Zikija kwenye simu yako mwenyewe

Hapa ndipo pagumu kuliko wageni wote. Sisi ni Wapare. Ukoo mmoja una mashehe wa Usangi na wachungaji wa Gonja, na harusi tunapika vyungu vya pamoja. Grupu la WhatsApp la ukoo lina watu 84. Binamu yangu mmoja, mchungaji, mtu aliyesimama na mimi siku ya kumzika baba, hututumia video za "Ulaya inavyomezwa". Sauti imewekwa ya Kiswahili, eti. Uzushi wa Wazungu umepata mkalimani, na sasa unawatisha watu wa Same kuhusu Birmingham.

Kwenye grupu usimjibu mbele ya wote. Mpigie. Anza na hali ya shangazi, uliza mvua, kisha mwambie habari ya Southport. Julai 29, 2024, kijana aliwachoma kisu watoto kwenye darasa la kucheza, wasichana watatu wakafa. Saa chache baadaye mtandaoni likatungwa jina la Kiarabu, eti ni mwomba hifadhi Mwislamu aliyeingia kwa boti. Kesho yake usiku watu wakaushambulia msikiti wa Southport kwa matofali, na fujo zikasambaa miji mingine. Aliyeua alizaliwa Cardiff, wazazi wake walitoka Rwanda. Mwislamu hakuwa, boti hakupanda.

Nilipomtajia Rwanda, binamu alinyamaza kidogo. Nikamkumbusha kwamba mwaka 2003 mimi nilikuwa naosha magari jirani na AICC, jengo la mikutano la Arusha. Desemba 3 ya mwaka huo, ndani ya jengo lile, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliwatia hatiani watu watatu wa redio RTLM na gazeti la Kangura, vyombo vilivyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hawakuwa wameshika panga. Nilikuwa na ndoo na sabuni, nikawaona mashahidi wakishuka kwenye magari wakiwa wamefunikwa, na wakati ule sikuelewa kwa nini redio ishtakiwe.

"Sawa, kaka," binamu akasema. "Nimekuelewa." Tukaagana vizuri.

Jana saa nne usiku ametuma nyingine, ya Sweden. Nimemwandikia pembeni maneno mawili tu: mtaa gani? Simu inaonyesha bado anaandika.